Zabibu yaikimbia sumaku, kwa nini?

fundi_mwembetayari: Salaam wakubwa. Mimi natengeneza laptopu, hadidiski zikifa nazitoa zile sumaku zake kali. Jana nimechoma zabibu mbili kwenye ncha za mrija nikauning'iniza kwa uzi, nikasogeza sumaku karibu, zabibu ikawa yaenda mbali polepole. Nikageuza sumaku nikidhani sasa itavutwa, wapi, yakimbia vile vile! Zabibu haina chuma, yasukumwa na nini? Na ati wazungu walimwelesha chura hewani kwa sumaku, kweli?

mwalimu_likoni: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ni maji hayo. Ukileta sumaku, elektroni ndani ya atomu zabadilika mwendo kidogo, zazaa usumaku mdogo ulioelekea kinyume na wako, ukigeuza sumaku nao wageuka, ndio maana yakimbia pande zote. Yaitwa dayamagineti, mwanasayansi Mwingereza Faraday aliichunguza 1845. Mbao, shaba, plastiki, hata wewe mwenyewe uko hivo, ila nguvu yake ndogo mno. Chura ni kweli kabisa, 1997 kule Nijmegen, Uholanzi, mwanafizikia Andre Geim na wenzake, sumaku ya koili, yaani waya wa umeme uliozungushwa, ya tesla 16 hivi, tesla ndio kipimo cha ukali wa sumaku.

binti_kisauni: Mwalimu, mimi nafanya kazi kwenye MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, yetu tesla 1.5, mgonjwa alala tu wala hainuki hata kidogo. Ni ukali haujafika?

mwalimu_likoni: Ukali haujafika, na tena ukali peke yake hautoshi mamangu. Katikati ya koili uga, yaani ile nguvu ya sumaku iliyoenea pale, uko sawasawa, hapo hakuna msukumo hata ukiwa na tesla mia. Chura alielea karibu na mdomo wa juu, pale uga unapopungua haraka ukipanda, kinachobeba ni ukali ukizidisha na kule kupungua kwake. Na linalonishangaza mpaka leo, hakushikwa ngozi tu, kila tone la maji mwilini labebwa lenyewe, akawa kama yuko angani hana uzito, na akatoka mzima.

fundi_mwembetayari: Subhanallah. Sasa hapa mezani kwangu naweza kuelesha kitu?

mwalimu_likoni: Waweza, bila umeme. Tafuta kijipande chembamba cha grafaiti ya pairolitiki, ile ya kiwandani ya matabaka yaliyopangika, si ya penseli. Panga sumaku nne mraba, ncha zipishane juu chini, ukiweka katikati chaelea milimita hivi na hakianguki.

fundi_mwembetayari: Sumaku nnazo nane, nabaki kuitafuta hiyo grafaiti. Ikielea nitaweka picha hapa inshallah.