Msaada wa Python: dataklasi yenye propati inagoma nisipojaza kilo

Mwanamwalo (Kigoma):
Wakuu, salaam. Natengeneza programu ya daftari la dagaa kwa akina mama wa Kibirizi. Mzigo unaandikishwa ukishuka mtumbwini, kilo zinajazwa baadaye ukishapita kwenye mizani. Kwa hiyo nataka kilo zianzie 0, na mtu akiingiza namba hasi, programu ikatae. Nimetumia dataklasi (klasi, yaani kiolezo cha data, ambayo Python inaiandikia yenyewe sehemu ya kuundia) na propati (jina linalosomwa na kujazwa kupitia vitendaji). Nimeandika hivi:

```
@dataclass
class Mzigo:
    aina: str
    kilo: float = 0

    @property
    def kilo(self):
        return self._kilo

    @kilo.setter
    def kilo(self, k):
        if k < 0:
            raise ValueError("Kilo si sahihi")
        self._kilo = k
```

`Mzigo("dagaa", 20)` inakubali. `Mzigo("dagaa")` inagoma, inadai alama ya `<` haiwezi kulinganisha `property` na `int`. Sijaipa propati yoyote, inatoka wapi? Daftari hili linabeba hela za watu, sitaki kubahatisha.

Nyuki wa Urambo:
Mkuu, inatoka humohumo kwenye klasi. Python inasoma kutoka juu kwenda chini. Umeandika `kilo = 0`, halafu chini jina lilelile ukaipa propati; ile 0 imeshapotea. Dekoreta ya `@dataclass`, ile alama iliyo juu ya klasi, inafanya kazi mwisho, inakuta `kilo` ni propati, inaichukua ndiyo thamani ya kuanzia. Usipojaza kilo, seta (ile `kilo` ya pili, inayopokea na kukagua thamani) inapewa propati yenyewe. Tena ukaguzi wako umekuokoa: bila huo ingehifadhiwa kimyakimya, ukaja kuikuta siku ya kupiga hesabu.

Bint Ujiji:
Kaka, seta ya nini? Weka `frozen=True` ili mzigo usibadilike ukishaundwa, ukaguzi uingie kwenye `__post_init__` inayoendeshwa mara tu baada ya kuunda, kilo zikipatikana tumia `replace()`. Inaunda mzigo mpya na ukaguzi unafanyika upya. Kumbukumbu za hela mimi sipendi zibadilishwe juu kwa juu.

Mwanamwalo:
Dada nimekuelewa, ila mzigo mmoja unatumiwa na skrini mbili, ya mizani na ya malipo. Nikiunda mpya, ya malipo inabaki na ule wa zamani.

Nyuki wa Urambo:
Hapo seta inahitajika kweli. Iondoe propati ndani ya klasi, `kilo: float = 0` ibaki, kisha uiunganishe dataklasi ikishakamilika:

```
def soma(self):
    return self._kilo

def weka(self, k):
    if k < 0:
        raise ValueError("Kilo si sahihi")
    self._kilo = k

Mzigo.kilo = property(soma, weka)
```

Wakati huo 0 imeshaingia kwenye `__init__`, sehemu inayounda mzigo. Nayo `__init__` ikiandika `self.kilo`, lazima ipitie `weka`.

Mwanamwalo:
Imekubali! `Mzigo("dagaa")` inatoa 0, na -3 inakataliwa wakati wa kuunda na wa kubadilisha. Asanteni sana.

Nyuki wa Urambo:
Safi. Usije tu ukaongeza `slots=True` (inayoruhusu sehemu zilizotajwa tu) kwenye klasi hiyo, `_kilo` itakosa pa kukaa.