Vibanda vya kutawanya, jengo moja au mahema? Naomba ulinganisho wa kituo kidogo cha mafungo ya kutafakari

KimyaKwanza
Habari zenu wakuu. Nina eneo kwenye mteremko, juu pana msitu mdogo wa miti ya asili, chini kuna kijito. Nataka pawe mahali pa mafungo ya kutafakari kwa wageni 10 na wasimamizi 2, watu wakae kimya wiki nzima. Nia yangu ni ardhi ile isiumie. Nimebaki na njia tatu:

A. Vibanda 10 vya mtu mmoja mmoja, vimetawanywa msituni, ukumbi katikati.
B. Jengo moja refu, vyumba 10 vimepangana, ukumbi pembeni.
C. Mahema ya turubai juu ya majukwaa ya mbao.

Moyo wangu uko kwenye A. Mliowahi kujenga au kukaa sehemu kama hizi, mnaonaje?

Fundi Udongo
Mkuu, A inapendeza kwenye mchoro ila msitu ndio utakaolipia. Kila kibanda kinadai njia yake, bomba lake, waya wake na mahali pa kumwaga maji machafu. Mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na hutambaa kupita mbali eneo la kivuli chake. Chimba mitaro kumi kati ya miti hiyo, mwaka wa kwanza hutaona kitu. Baadaye ndipo matawi ya kileleni yanaanza kukauka.

Halafu piga hesabu ya kuta. Kibanda cha mita 3 kwa 4 kina mita 14 za ukuta, vibanda kumi ni mita 140. Vipange vyumba vilevile mstari mmoja, vishirikiane kuta, unapata mita 104. Robo nzima ya vifaa na kazi umeiokoa, na msingi vivyo hivyo.

Mimi ni B, kwa udongo wa kushindilia, yaani udongo unyevu unaogongwa tabaka kwa tabaka ndani ya fremu mpaka uwe ukuta. Ukichanganya saruji asilimia 5 hadi 8 unatosha, usizidishe, maana chokaa inayochomwa kutengeneza saruji yenyewe hutoa hewa ukaa, mbali na moshi wa tanuri. Ukuta wa udongo hauogopi miaka, unaogopa maji. Inua msingi wa mawe hadi karibu na goti, paa litokeze nje walau sentimita 80, basi.

Mtembea Peku
Naheshimu hesabu za fundi, ila mtu haji kwenye mafungo kutafuta hesabu ya kuta. Kukaa peke yako msituni usiku, ukasikia kila jani, kuna jambo linafunguka ndani ambalo ukisikia jirani anakohoa halifunguki. Watawa wa Kibuddha wamelijua hili tangu zamani. Kanuni zao zinampa mtawa anayejijengea kibanda bila mfadhili kipimo cha shubiri 12 kwa 7, ambacho kwa hesabu moja inayotumika ni kama mita 3 kwa 1.75. Mahali penyewe lazima pakaguliwe kwanza: pasiwe makazi ya viumbe watakaodhurika, na pabaki nafasi ya mkokoteni wa ng'ombe kuzunguka pande zote.

Kibanda cha ukubwa huo hakihitaji bomba wala waya. Ndoo ya maji na taa ya mkononi vinatosha. Tatizo si kutawanya, tatizo ni kutaka kila kibanda kiwe nyumba kamili.

Fundi Udongo
Hapo umenena, ndugu. Kibanda bila bomba wala waya sina ugomvi nacho. Lakini wageni kumi wote wataikubali ndoo?

Dada Bustani
Naomba niongeze mfano ambao naona unajibu pande zote mbili. Watawa Wakartusi, walioanzishwa na Bruno mwaka 1084 kwenye milima ya Alps, ni watu wa upweke kweli kweli. Hata hivyo nyumba zao hazikutawanywa. Zimepangwa kandokando ya ujia mrefu wenye paa, na kila mtawa ana nyumba yake yenye kibustani kilichozungushiwa ukuta. Chakula hupitishwa kwenye kidirisha, asimwone anayeleta. Jirani yupo upande wa pili wa ukuta, na ni kama hayupo.

KimyaKwanza, kinachomtenga mtu ni mlango wake unatazama wapi. Panga B yako hivi: upande mmoja ujia wenye paa, upande wa pili kila chumba kifungue kwenye bustani yake inayotazama msitu, na ua wa mimea kati ya bustani na bustani. Akitoka asubuhi anaona miti tu. Jengo likienda mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zinakwepa jua la asubuhi na la jioni, na upepo unapita dirisha hadi dirisha.

Kuhusu kukohoa, udongo unasaidia sana. Ukuta wa sentimita 30 una uzito wa kilo 500 na ushee kwa kila mita ya mraba, na kila uzito unapoongezeka maradufu sauti inapungua kwa desibeli 5 au 6 hivi. Ila ukiacha uwazi chini ya mlango au juu ya dari, uzito wote ule umeupoteza. Sauti inapita pale pale hewa inapopita. Pandisha kuta za kati mpaka zikutane na paa.

Sikio Tulivu
Mimi nimesimamia mafungo kwenye mahema, naongelea C. Faida yake ni moja kubwa: ukiondoka, umeondoka. Ila turubai halizuii sauti hata kidogo, jua linalichosha, na mahali pa unyevu koga linaingia haraka. Ushauri wangu, tumia C kama hatua ya kuijua ardhi. Weka majukwaa machache msimu mzima kabla hujamwaga msingi. Utajua maji ya mvua yanapita wapi, upepo unatoka wapi, na ndege wanataga upande gani.

Jambo jingine halijaguswa: hewa ya ukumbi. Watu husinzia kwenye kikao cha alfajiri, wakaambiwa hawana bidii. Mtu aliyekaa kimya hutoa lita 18 hivi za hewa ukaa kwa saa. Watu 12, ukumbi wa mita 8 kwa 6 wenye kimo cha mita 3, madirisha yamefungwa: baada ya saa moja hewa ukaa iko karibu sehemu 1,900 kwa milioni, wakati nje ni kama 420. Usingizi hapo si uvivu. Weka matundu ya chini upande unaotoka upepo na ya juu upande wa pili, yasiyofungika kabisa. Paa la ukumbi lisiwe bati tupu, mvua ikinyesha hakuna kikao.

Dada Bustani
Nakazia hilo la hewa. Kwa paa la ukumbi, mianzi inafaa, iliyokomaa miaka 3 hadi 5 na kulowekwa kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki dhidi ya wadudu. Iwe upande wa ndani wa paa tu, isiguswe na mvua.

KimyaKwanza
Nawashukuru sana. Nahamia B ya bustani, na vibanda viwili vya ndoo juu msituni kwa wazoefu. Maji je? Sitaki kugusa kijito.

Fundi Udongo
Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lote likiwa mita za mraba 200 na mvua ya mwaka milimita 800, toa asilimia 20 inayopotea, unabaki na lita 128,000. Watu 12 kwa lita 40 kila mmoja ni lita 480 kwa siku, kwa hiyo maji hayo yanatosha siku 266 hivi za mafungo kwa mwaka. Ukubwa wa tangi upimwe kwa kiangazi: kikidumu siku 90, unahitaji lita 43,200. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe nje, ndiyo yanayosafisha paa. Vyoo viwe vikavu, vya kutenganisha mkojo, vinginevyo lita 40 hazitoshi. Maji ya kuogea yapitie kitanda cha matete, yaani shimo la kokoto lililopandwa matete ya kuyachuja.

KimyaKwanza
Na jiko niliweke wapi?

Sikio Tulivu
Mwisho wa mstari, upande upepo unakoelekea, ili moshi na harufu visirudi vyumbani. Kati yake na chumba cha kwanza weka stoo, kuta mbili zimeze kelele za sufuria. Anayeleta mahitaji aingie kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya bustani hata moja.