Ruzuku ya mafuriko: awamu ya kwanza nimepata, sasa mkaguzi anakuja. Naombeni ushauri

Mwanabonde: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka, usingizi umenikimbia. Mafuriko yalitubomolea nyumba, paa likaenda na ukuta wa nyuma ukalala. Tathmini ikafanyika, fomu ikajazwa, tukaingia kwenye orodha ya ruzuku ya serikali ya kurejesha makazi. Fedha inatoka kwa awamu. Ya kwanza tumepata, na sasa imekuja barua kwamba mkaguzi atapita kabla ya awamu ya pili. Swali: huwa anaingia ndani na kupima, au anaangalia kwa nje tu? Mahali nilipo sitapataja, huku tunajuana.

Kokoto: Ningekuwa wewe nisingechukua hata hiyo ruzuku. Bondeni ni njia ya maji. Hama, ndugu yangu.

Mwanabonde: Mkuu, sikuuliza kuhama.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Sisi upepo uliezua paa, tukahamishiwa darasani na familia nyingine. Tathmini ilifanyika mara ya kwanza, ikarudiwa, kisha faili letu likaambiwa halionekani. Mume wangu akaacha kufuatilia, nikawa naenda mwenyewe, mpaka karani akawa ananisalimia kwa jina. Mwisho tulilipwa. Usikate tamaa.

Tulizo: Mimi hilo swali limenishangaza. Kwa nini unahofia kupimwa? Awamu ya kwanza ilikuwa ya kazi gani?

Mwanabonde: Ukarabati.

Tulizo: Ukarabati wa nini? Fomu za ruzuku huandika kazi yenyewe.

Mwanabonde: Haya. Imeandikwa "kuinua msingi na sakafu juu ya alama ya maji". Lakini jamani, nyumba haina paa, naanzaje kuinua msingi? Nilinunua bati na mbao, nikasimamisha ukuta, kilichobaki nikalipa deni la wakati tuko kambini. Karibu fedha yote imeingia kwenye nyumba hiyo hiyo, sikuichezea. Fundi anasema anaweza kuzungushia mawe kwa nje na kupiga lipu, ukitazama unaona msingi umepanda. Kianzio nimeshampa. Hapo nani ameibiwa?

Chelewa: Mkaguzi akifungua mlango atadumbukia ndani, haha.

Mkaguzi Mstaafu: Kijana, nimeifanya kazi hiyo. Ataingia, atatafuta alama ya maji ukutani, atashusha futi mpaka sakafuni. Lipu ya nje haitamchukua muda.

Kila awamu imefungwa kwenye kazi yake, na sababu ipo. Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 2015, kila kaya iliyopoteza nyumba ilipangiwa rupia 300,000: kwanza 50,000, kisha 150,000 msingi ukishakaguliwa, na 100,000 za mwisho. Msingi ukishafukiwa na kuta kupanda, hakuna wa kuukagua tena. Na fedha ya kuinua sakafu hutolewa ili maji yakirudi yasiikute nyumba pale pale, serikali ikalipa upya huku jirani wa bonde la pili hajapata chochote.

Yaliyokupata si mapya. Louisiana, Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, wenye nyumba walipewa hadi dola 30,000 za kuinua nyumba zao. Fedha ya matengenezo haikutosha, wengi wakaitumia kutengeneza nyumba, na wapo waliosema watumishi wa mpango wenyewe waliwaruhusu. Baadaye jimbo likawashtaki watu takriban 3,500 likidai irudishwe. Iliwachukua miaka mpaka 2023 ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuachana na kesi hizo. Hao walitengeneza nyumba kweli, kama wewe. Wewe unataka kuongeza msingi wa uongo juu yake.

Andika barua kabla mkaguzi hajafika. Eleza fedha ilikwenda wapi, ambatanisha risiti za bati na mbao, omba kubadilishiwa matumizi au mpangilio wa kazi. Ipitishe kwa kamati ya maafa ya hapo kwenu, wagonge muhuri. Na deni la kambini liandike, usilifiche.

Mwanabonde: Nashukuru mzee, ila barua itajibiwa lini? Na aliyepanga tuanze na msingi hakulala chini ya turubai na watoto. Tathmini ilihesabu msingi, paa haikuligusa. Kosa hilo nalo ni langu?

Mkaguzi Mstaafu: Si lako. Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote ulizoleta hapa. Iweke kwenye barua.

Ngwamba: Mnapigwa kamba. Fungueni uzi wake wa nyuma: analia mwenye nyumba anamsumbua kodi. Leo ana nyumba, bati na fundi?

Kokoto: Kumbe! Ndiyo maana mahali hataji.

Mama Wawili: Mimi nimeshasimulia habari za faili langu kwa mtu wa kutunga?

Chelewa: Uzi ufungwe, tudai fidia ya muda.

Mwanabonde: Nimepanga kwa sababu nyumba ilibomoka, sasa nikae wapi? Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba. Anayeishi pale ni mama na wadogo zangu, na fomu ameisaini mama. Mimi ndiye nashughulika na mafundi.

Tulizo: Subiri. Aliyesaini ni mama yako? Basi atakayeulizwa ni yeye. Habari ya lipu anaijua?

Mwanabonde: Anajua msingi unainuliwa.

Ngwamba: Weka picha ya hiyo barua ya ukaguzi, jina ulifunike.

Mwanabonde: Picha siweki, amini usiamini.

Mkaguzi Mstaafu: Hata kama amejitungia, wapo wengine wanaosoma hapa na wana barua kama hiyo mkononi. Mwanabonde, ya kwenu iandikwe kwa jina la mama na asaini yeye, baada ya kusomewa yote. Fundi asimamishe kazi leo. Mkaguzi akikuta mawe mapya nje na sakafu ile ile ndani, barua haitasaidia.

Mwanabonde: Fundi nimempigia, amekubali kusimama, kianzio anasema harudishi. Bado naona paa lilistahili kutangulia. Mama nakwenda kumwona asubuhi. Mwenye mfano wa barua ya kuomba kubadili matumizi ya ruzuku anitumie tafadhali, ukaguzi ni wiki ijayo.