Naomba ushauri: onyo la upepo likifika, nani awaambie wavuvi?

Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika ambacho hakifikiwi ila kwa boti, yaani tuko kama kisiwani. Nimepewa ukatibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Vifaa ni daftari na kalamu.

Shida iko hapa. Tahadhari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ya upepo mkali inatumwa kwa simu ya mtendaji, na mtandao kwetu mpaka upande mlimani. Wavuvi wa dagaa wanatoka jua likizama. Ujumbe ukisomwa saa mbili usiku, taa zao zimeshatapakaa ziwani. BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe na uvuvi) wanasema kutangaza ni kazi ya kijiji, kijiji kinawarudishia BMU.

Nimesoma habari za Vanuatu, nchi ya visiwa zaidi ya 80. Kimbunga Pam cha Machi 2015 kilikuwa cha daraja la 5, la juu kabisa, kikabomoa nyumba kwa maelfu, lakini waliokufa hawakufika 30. Onyo lilitangulia kwa redio na ujumbe wa simu, watu wakahamia majengo imara. Sisi huku ziwani vimbunga hatuna, ila upepo wa kusi hauna utani.

Mliofanya kazi hii Ukerewe, Mafia au Pemba: nani hasa ana mamlaka ya kumzuia mvuvi asitoke? Bendera nyekundu mwaloni (ufukweni boti zinapoegeshwa) inaheshimiwa? Na betri ya kipaza sauti mlimbebesha nani? Msikiti uko tayari kutuazima chao, betri hawana.