Kiimarishi hasi si adhabu? Naomba ufafanuzi

Mgeni wa Makulu
Habari za jioni, wanajukwaa. Nasoma mwaka wa kwanza hapa Dodoma, na katika somo la utangulizi wa saikolojia nimekwama kwa B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi matokeo yanavyobadili tabia. Kwenye jaribio la juzi niliandika kwamba kiimarishi hasi ni adhabu, kwa kuwa neno "hasi" nalijua kuwa ni kitu kibaya, nikapata sifuri kwa swali zima. Ya Pavlov na mbwa wake, waliotokwa mate kwa kusikia tu mlio waliozoea kuusikia kabla ya chakula, niliyaelewa bila shida. Naomba maelezo ya Kiswahili, maana kwa Kiingereza nimekariri tu.

Mwalimu wa Kongwa
Mdogo wangu, hilo "hasi" lichukulie kama alama ya kutoa kwenye hesabu, na "chanya" kama alama ya kujumlisha. Hayasemi lolote kuhusu wema wala ubaya. Kisha jiulize kama tabia imeongezeka au imepungua: ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu. Tazama upepo wetu wa kiangazi. Umekaa hosteli, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kikombe cha chai, unafunga dirisha, vumbi linakoma. Kesho yake bati likianza tu kugongagonga, mkono wako uko kwenye komeo. Kero imeondolewa na tabia ya kufunga dirisha imeongezeka. Hicho ndicho kiimarishi hasi. Panya wa Skinner naye, sakafu ya sanduku lake la majaribio ikiwa na umeme, alijifunza kubonyeza wenzo ili umeme ukatike.

Zabibu Nyeusi
Naongezea jambo lililonichukua muhula mzima kulielewa: nia ya mtoaji haihesabiwi. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimkemea mtoto mmoja wa darasa la tatu kila alipopiga dawati kama ngoma, na kadiri nilivyomkemea ndivyo alivyozidi kupiga, kwa sababu darasa zima liligeuka kumtazama, naye akatabasamu. Nilidhani natoa adhabu, kumbe natoa kiimarishi chanya! Halafu usimwache Pavlov mbali sana, kwani watunga mitihani hupenda kuwachanganya hawa wawili: mbwa hakufanya kitu ili apate chakula, mate yalimtoka yenyewe kwa kichocheo, ilhali kwa Skinner mnyama hutenda kwanza, matokeo yakafuata.

Mgeni wa Makulu
Ahsanteni sana, kaka na dada. Ngoja nijaribu. Kichwa kikiniuma nameza dawa, maumivu yanaondoka, na siku nyingine naikimbilia dawa mapema: kiimarishi hasi. Nyumbani walipopata habari za hiyo sifuri wakanikatia fedha ya matumizi ili niache kuzurura mjini: adhabu hasi.

Mwalimu wa Kongwa
La kwanza ni sahihi kabisa. La pili litakuwa adhabu endapo kweli umeacha kuzurura.

Mgeni wa Makulu
Hapo, mwalimu, naomba nisijibu.