Bolti za kalipa zinalegea kila mara, nipake gundi ipi?

Breki_ya_Mkono (mleta uzi):
Wakuu habari za humu. Naomba ushauri wa haraka, nina safari ya familia Jumamosi. Tairi la mbele kushoto likipita kwenye mashimo linagonga klak klak. Nimelifungua, nikakuta bolti zinazoshika kalipa (kile chuma kinachobana pedi za breki) zimelegea. Nimekaza, baada ya siku chache zimelegea tena. Hii ni mara ya tatu. Nakaza kwa nguvu zangu zote mpaka spana inalia. Swali langu ni moja tu: gundi ya bolti ile ya bluu au ile nyekundu? Au niweke washa za springi? Nashukuru.

Spana_Kavu:
Nakaa pembeni nisubiri wajuzi.

Mzee_wa_Gia:
Breki ni uhai, kijana. Unaomba ushauri wa gundi wakati umebeba watoto? Peleka kwa fundi.

Tairi_la_Akiba:
Hii imenikumbusha mwaka niliosahau kukaza nati za tairi la nyuma. Natembea zangu, naona tairi linanipita upande wa kulia. Nikasema huyu naye tairi limemchomoka, maskini. Kumbe langu. Likaingia shambani, tukalitafuta mpaka jioni.

Kiti_cha_Nyuma:
@Tairi_la_Akiba nimecheka mpaka nimeamsha mtu.

Fundi_Mstaafu:
Mleta uzi, kabla ya gundi nijibu matatu. Bolti zipi: zile ndogo za pini ambazo kalipa inatelezea, au zile kubwa za nyuma zinazoshika kiti cha kalipa? Zote mbili zinalegea au moja inaanza? Na bolti ni zake za asili?

Breki_ya_Mkono:
Zile kubwa za nyuma. Ya juu ndiyo inaanza, ya chini inafuata. Bolti ni za kawaida tu. Lakini mkuu, mimi nimeuliza gundi.

Namba_Ndogo:
Gundi nakujibu mimi. Ya bluu, mfano Loctite 243, unaifungua baadaye kwa spana ya mkono. Nyekundu kama 271 haitoki mpaka upashe moto kama nyuzi joto 250. Zote zinagandia pale hewa isipofika, kati ya chuma na chuma, kwa hiyo nyuzi za bolti zikiwa na grisi au kutu unapoteza muda. Safisha kwa brashi ya waya, osha mafuta, paka matone machache, kaza kwa kipimo, kisha liache gari saa 24. Washa ya springi sahau. Bolti ikikazwa sawasawa washa hiyo inalala bapa kabisa, haina inachozuia.

Ila bolti haishikwi na gundi. Inashikwa na mvutano. Ukiikaza inavutika kidogo kama springi na kubana vyuma viwili visisogeane. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo mwaka 1969: vyuma vikianza kuteleza kushoto kulia, bolti inajifungua yenyewe hata ulikaza vipi. Kwa hiyo tafuta kwa nini kiti cha kalipa kinacheza.

Fundi_Mstaafu:
@Namba_Ndogo umenena. Mleta uzi, "za kawaida" maana yake nini?

Breki_ya_Mkono:
Sawa, ngoja niseme. Nilibadilisha pedi mwenyewe miezi miwili iliyopita. Baadaye bolti ya juu ikadondoka barabarani, sikuiona tena. Nikachukua nyingine kwenye kopo langu la bolti, unene ni ule ule, 12. Iliingia. Ilikuwa ngumu kidogo mwanzoni, nikaisaidia na bomba kwenye spana, ikaingia vizuri tu. Kwa hiyo bolti siyo tatizo.

Fundi_Mstaafu:
Bolti ndiyo tatizo lenyewe. Milimita 12 ni unene. Kati ya uzi na uzi inaweza kuwa 1.25, 1.5 au 1.75, na bolti za kwenye makopo nyingi ni 1.75. Sehemu kama hiyo kwa kawaida ina uzi mwembamba zaidi. Ulipoweka bomba hukukaza, ulichonga. Nyuzi za tundu zimeliwa, bolti inakaa kwa kubanwabanwa. Ya juu haibani, kiti kinacheza, ndiyo maana na ya chini inafuata. Gundi gani itaziba hapo?

Breki_ya_Mkono:
Mkuu nakuheshimu, lakini imetembea wiki nzima bila shida. Halafu nimeshaongea na mchomeleaji, kesho asubuhi anapiga nukta mbili za welding kwenye kichwa cha bolti. Haitalegea tena maisha. Nilitaka tu kujua kama gundi inatosha nisimsumbue.

Mzee_wa_Gia:
Astaghfirullah.

Namba_Ndogo:
Usichomelee! Bolti hizo zinapata ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo, ukizichoma unauharibu. Pembeni kuna mpira wa pistoni, beringi na waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki), vyote havitaki moto. Na kichwa kikishikwa, uzi ulioliwa ndani bado haubani kitu.

Jicho_la_Tatu:
Samahani wakuu, hii ni chai. Someni tena. Anasema alibadilisha PEDI. Kwa kalipa za aina hiyo pedi zinatoka kwa kufungua bolti ndogo za pini tu, unainua kalipa juu, kazi imekwisha. Bolti kubwa za nyuma unazigusa ukitoa diski. Sasa bolti ya juu ilidondokaje kama hakuigusa? Mtu anatunga, nyie mnamfundisha fizikia.

Spana_Kavu:
Eeeh! Nimesogeza kiti karibu.

Tairi_la_Akiba:
Yangu ya shambani ni ya kweli lakini, msinijumlishe.

Kiti_cha_Nyuma:
Labda anauza gari, anataka kuchomelea lisigonge mteja akija kulijaribu.

Breki_ya_Mkono:
Siuzi gari na situngi. Nilikosea bolti. Sikujua kuna ndogo na kubwa. Niliona kubwa nikafungua, kiti kikatoka chote na kalipa yake, nikabadilisha pedi, nikarudisha. Nilikaza kwa spana fupi kwa sababu ile ndefu niliificha. Nyumbani wanajua gari lilikwenda kwa fundi. Hela ya fundi nilipewa, nikaipangia shughuli nyingine. Mmeridhika?

Jicho_la_Tatu:
Hii sasa inaingia akilini. Naondoa neno chai.

Fundi_Mstaafu:
Usione haya, mwanagenzi wangu wa kwanza alifanya hivyo hivyo, mpaka na mpira wa mafuta akaufungua. Bolti hizo kwa magari mengi madogo zinataka kukazwa kwa nguvu ya kati ya Newton mita 80 na 120, spana fupi haifiki. Sasa fanya hivi: mwambie mchomeleaji asije. Weka gari kwenye stendi za kuegemeza gari, siyo jeki peke yake. Toa bolti ya chini, ile ya asili, isafishe, uiingize tundu la juu kwa VIDOLE. Mara nyingi ni sawa na ya juu. Uniambie inafika wapi.

Breki_ya_Mkono:
Nimefanya. Mizunguko minne ikagoma. Nikiitikisa inacheza. Na bolti ya kopo imetoka na unga wa chuma.

Fundi_Mstaafu:
Basi. Tundu linataka kutobolewa upya na kuwekewa bushi ya chuma yenye uzi sahihi, kwa mtu mwenye mashine siyo drili ya mkononi, au ubadilishe chuma chote kinachobeba habu (pale tairi linapofungwa). Kutoka kwenye gari lililokatwa kinafaa kama hakijapinda. Bolti nunua mpya za gari hilo, zote mbili. Safisha kutu pale kiti kinapokaa. Baada ya hapo ndiyo gundi ya bluu, kama kitabu cha gari kinaruhusu. Nyingine zinakuja na gundi yake tayari.

Breki_ya_Mkono:
Nikiendesha polepole mpaka gereji tu? Siyo mbali.

Fundi_Mstaafu:
Hapana.

Namba_Ndogo:
Hapana.

Tairi_la_Akiba:
Mimi pia nilikuwa naenda si mbali.

Breki_ya_Mkono:
Sawa, safari ya Jumamosi tutapanda basi.

Kiti_cha_Nyuma:
Shemeji amejua?

Breki_ya_Mkono:
Ameuliza kwa nini gari halina tairi. Nimemwambia fundi anakuja.

Kiti_cha_Nyuma:
Yule yule wa mara ya kwanza?