Nishati ya kubadilishana: d⁶ ina jozi 10 au 15?

KidatoTano_Dom: Wakuu, habari za jioni. Kromi tunaandikiwa 3d⁵4s¹ (elektroni tano kwenye 3d, moja kwenye 4s), si 3d⁴4s², eti kwa kuwa "nusu kujaa ni imara". Imara kwa nini? Nimeambiwa ni nishati ya kubadilishana, ila nikihesabu jozi za elektroni za d⁶ (elektroni sita kwenye d) napata 15 na majibu yanasema 10. Kama kuna mwalimu hapa Dodoma anisaidie, mtihani ni wiki ijayo.

MwlKemia: Umefanya 6×5/2, ukazichanganya zote. Elektroni za spini tofauti (spini ni ule mwelekeo wa elektroni, juu au chini) hazihesabiwi pamoja. Chukua njiti sita za kiberiti, tano vichwa juu, moja kichwa chini. Kila kundi lihesabu peke yake kwa n(n−1)/2: za juu 5×4/2 = 10, ya chini haina mwenzake, 0. Jumla 10. d⁴ ina 6, d⁵ ina 10. Kwa hiyo elektroni moja ya kromi ikihama 4s kwenda 3d, upande wa d unapata jozi 4 zaidi, na zile mbili za 4s haziishi tena obitali moja (chumba kimoja cha elektroni) zikisukumana. "Nusu kujaa" ni jina tu la hali hiyo. Sababu ni hizo mbili.

Fizikia_Kikuyu: Naongezea, maana jina "nishati ya kubadilishana" linapotosha wengi. Hii si kani mpya, wala elektroni hazirukiani nafasi. Kanuni ya Pauli inazitenga zenye spini sawa, na zikiwa mbali msukumano wa chaji unapungua. Nishati inashuka kwa kiasi hicho.
Jipime kwa kung'oa elektroni ya kwanza: nitrojeni 1402 kJ/mol, oksijeni 1314. Nitrojeni (2p³) inashuka toka jozi 3 hadi 1. Oksijeni (2p⁴) ina 3 na inabaki na 3.
Usiigeuze "nusu kujaa" kuwa sheria, tafadhali. Molibdenamu ni 4d⁵5s¹, lakini tangsteni iliyo chini yake ni 5d⁴6s².

KidatoTano_Dom: Ahsanteni sana. Basi Mn²⁺ (d⁵) ikitoa moja inapoteza jozi 4, Fe²⁺ (d⁶) haipotezi kitu?

MwlKemia: Ndivyo, mradi ile ya Fe²⁺ iwe njiti ya kichwa chini. Nishati ya kung'oa elektroni ya tatu: manganizi 3248 kJ/mol, chuma 2957, ingawa kiini cha chuma kina protoni moja zaidi. Kwenye mtihani chora visanduku kwanza ndipo uhesabu.